Kabari Namba Kumi na Saba

Jumanne saa tatu asubuhi Bawaba alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, sanduku la vifaa mkono mmoja na chupa ya chai mkono wa pili, kwenda kukagua mlango namba kumi na saba, ambao ulikuwa umezuia moto kwa miaka tisa. Bawaba si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa hilo na wapangaji, kwa kuwa katika milango yote arobaini ya kuzuia moto iliyomo jengoni hapakuwa na bawaba ambayo mkono wake haujaigusa. Naye aliitika bila kinyongo.

Aliweka chai sakafuni na kuugusa mlango kwa nyuma ya kiganja. Ulikuwa na joto lake la siku zote, kama pasi iliyozimwa muda si mrefu. Akachungulia ukanda uliopachikwa ukingoni mwa ubao, ule ambao ukipata joto huumuka kama unga uliotiwa hamira na kuziba mwanya wote. Uliumuka siku ya kwanza na tangu hapo haujasinyaa. Akatazama juu, kwenye mkono wa chuma wenye mafuta ndani, ambao kazi yake ni kuurudisha mlango ujifunge wenyewe mtu akishapita. Haukuvuja hata tone. Kisha akapitisha kidole chini ya bawaba ya juu, na kidole kikatoka na unga mweusi. Chuma kilikuwa kinajila chenyewe.

"Kaka," aliita. "Umeamkaje?"

"Sijalala," kaka yake alijibu kutoka ndani. "Ndiyo kwanza nimemaliza chai."

Maneno hayo aliyasema kila siku, na kila siku yalikuwa kweli. Kaka mtu alikuwa mtunza stoo. Siku moto ulipoanza kwenye maboksi ya karatasi, mlango huu wa stoo ulikuwa umeachwa wazi, umeshikiliwa na kabari, kipande cha mti kinachosukumizwa chini ya mlango usijifunge. Yeye aliingia ndani, akaing'oa, na mkono wa chuma ukafanya kazi yake bila kumngoja. Wazimamoto walifika na mipira yao ya maji, wakasoma kibao cha bati juu ya mlango: huhimili moto dakika sitini. Wakaandika kwenye taarifa yao saa ya mtunza stoo, kama alivyowasomea mwenyewe kutoka ndani, na kuona kuwa muda haujaisha. Mkubwa wao alieleza kwamba mlango ule usifunguliwe mpaka milango mingine thelathini na tisa iwe imefungwa, ili moto ukitoka usipate pa kwenda, wauzimie hapo hapo ukumbini. Walisema wapigiwe simu siku hiyo ikifika. Walikuwa watu waungwana sana, na namba yao bado imebandikwa ukutani.

Siku hiyo haikufika. Meneja wa jengo hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kuona mlango unambamiza mtu aliyebeba mzigo. Ndiye aliyeagiza kabari arobaini, zikachongwa, zikapakwa rangi moja na milango ili zisiharibu sura ya jengo, na kila moja ikapigwa namba. Kwenye fomu ya ukaguzi, chini ya bawaba, ukanda na mkono wa chuma, palikuwa na mstari wa kabari: ipo au haipo. Bawaba alikuwa amezing'oa zote mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Akimaliza ghorofa ya sita, za ghorofa ya kwanza zimesharudi.

"Saa yako inasemaje?" aliuliza sasa.

"Hamsini na mbili."

Huko ndani mshale wa dakika ulisimama tuli wakati wote mlango ulipokuwa mzima. Ulisogea tu pale kitu kilipolegea. Ijumaa ulikuwa kwenye arobaini na tisa.

"Ni pini ya bawaba ya juu," alisema. "Imelika. Nitaitoa leo nitie mpya."

"Na mlango utashikwa na nini ukiitoa?"

"Hapo ndipo penyewe."

"Basi usikurupuke, mdogo wangu."

"Mdogo wako nani? Mimi sasa nimekupita miaka mitano."

"Heshima haipimwi kwa mvi," kaka alisema, na Bawaba akacheka, maana ndivyo alivyojibu kila mara. Miaka tisa ile yeye alikuwa ameila yote peke yake.

Alipanda kwanza ghorofa ya nne. Chumba cha wifi yake, mke wa kaka, kilikuwa pembeni mwa ngazi, na mlango wa kuzuia moto ulikuwa wazi hadi ukutani, kabari namba ishirini na mbili imekaa chini yake. Wifi alikuwa kwenye cherehani akishona kola.

"Wifi, nafungua pini ya juu kule chini. Naomba huu mlango ufungwe."

"Nikifunga nitamsikiaje?"

"Ni kwa nusu saa tu."

"Nusu saa anaweza kukohoa." Alikata uzi kwa meno. "Hili ni shati lake. Alilovaa litakuwa linanuka moshi." Lilikuwa shati la tisa. Mengine manane yalining'inia nyuma yake, yamepigwa pasi, yote kipimo kimoja kwa sababu mwenyewe hakunenepa.

"Angetoka ungemsikia vizuri zaidi," Bawaba alisema. "Ukifunga wewe, na wengine watafunga."

"Wakianza wengine, nami nitafunga."

Bawaba hakubishana. Alimpenda wifi yake, na ukweli ni kwamba huko ghorofani hata yeye alipenda kusikia kaka yake akikohoa. Walikubaliana kwamba mguu mmoja wa wifi ubaki kwenye kanyagio la cherehani na wa pili ukae jirani na kabari, tayari kuipiga teke.

Alirudi chini, akaanza na pini ya chini kwa sababu haibebi kitu. Ilitoka kwa mapigo matatu ya nyundo, mpya ikaingia. Ya kati vilevile. Ya juu aliigonga, nayo ikakataa, kwa kuwa uzito wote wa mlango ulikuwa umeikalia. Akagonga tena. Mlango ukashuka kiasi cha unene wa ukucha, na juu yake, pale ukanda ulipoachana na fremu, moshi mwembamba ukachungulia na kuanza kupanda kuelekea ngazi.

"Hamsini na tano," kaka alisema.

Bawaba aliuegemea mlango kwa bega na kujaribu kuunyanyua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, na mlango ule ulihitaji wanaume wawili wasiojali migongo yao. Haukusogea. Aliogopa, na aliogopa kwa sauti.

"Kaka, nimekosea. Ningeanza kwa kuuinua."

"Hamsini na sita. Uinuliwe kutoka wapi?"

"Chini. Upande wako wa ndani, ambako mkono wangu haufiki."

Bawaba akasikia kitu kikiburuzwa sakafuni, huko ndani, na mgongano wa kisigino na ubao.

"Ninayo hii kabari," kaka alisema. "Nimeishika tangu nilipoing'oa. Niisukumize chini ya mlango?"

"Sukumiza. Polepole. Mpaka nikuambie."

Alipiga kwa kisigino mara moja, mara mbili, mara tatu, na mlango mzima ukainuka unene wa ukucha ule ule. Moshi ukakatika. Bawaba aliigonga pini, ikatoka laini kama iliyokuwa ikingoja kuombwa vizuri, akatia mpya, akaipaka mafuta. Kisha akakaa sakafuni.

"Saa?"

"Hamsini na nane. Mshale umesimama."

"Una hakika?"

"Nautazama. Umesimama kabisa."

Walikaa hivyo kwa muda, migongo yao ikiegemea ubao mmoja pande mbili. Bawaba alimimina chai. Alipoimaliza alijaza fomu. Bawaba: nzima. Ukanda: mzima. Mkono wa chuma: mzima. Kwenye mstari wa kabari, kwa kuwa ile ilikuwa upande wa ndani na yeye hukagua wa nje, aliandika haipo, kama alivyoandika kwa miaka tisa.

Alhamisi ililetwa barua kutoka kwa meneja. Alimshukuru fundi kwa kazi nzuri, akasema wapangaji wa juu walilalamikia moshi kidogo siku ya Jumanne lakini wamesamehe. Akaongeza kuwa upungufu wa muda mrefu kwenye mlango namba kumi na saba umeonekana na kushughulikiwa. Ndani ya bahasha kulikuwa na kabari mpya, rangi haijakauka vizuri, imepigwa namba kumi na saba.

Bawaba aliisoma barua kwa sauti mbele ya mlango. Kaka alicheka mpaka akakohoa, na huko juu cherehani ikasimama kidogo kusikiliza, kisha ikaendelea.

"Utaiweka wapi?"

"Naikalia," alisema, na kweli alikuwa ameikalia.

"Na milango mingine?"

"Thelathini na tisa, yote wazi."

"Hata wa wifi yako?"

"Hata wa kwake. Nimekuwa nikifikiri, kaka, nianze na huo huo. Leo jioni niing'oe ile kabari, atake asitake. Dakika mbili si kitu cha kuchezea."

Sauti ya cherehani ilikuwa ikishuka ngazi kupitia milango yote iliyo wazi, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ubao wenye joto.

"Ng'oa," kaka alisema. "Lakini mwache kwanza amalize hilo shati."