Itongo la Mzee Modestus

Mwalimu Tecla alishuka kwenye bodaboda pale Mbuba mgongo ukimuuma, na moyo ukimuuma zaidi. Alikuwa amekuja kuuza kwao. Mdogo wake, Danstan, alikwisha kupata mnunuzi, na karatasi ilingoja sahihi yake tu. Tangu baba yao, mzee Modestus, azikwe kwenye makaburi ya parokia, miaka kumi na mmoja imepita na hakuna aliyelala nyumba ile. Paa limeingia ndani, migomba imemezwa na majani. Haya, mtu ufanyeje?

Tangu astaafu, Tecla alikuwa anajaza daftari la maneno ya lugha za huku kwetu, akitoka Biharamulo kuzunguka vijiji vya watu. Neno lililomchosha kuliko yote lilikuwa itongo. Marehemu mumewe, Mhaya, alimwambia ni mahali ambapo mji wa mtu, yaani nyumba na kiwanja chake, umekufa. Danstan hakuwa na habari na mambo hayo.

"Kwa Kiswahili ni mahame, dada. Tia sahihi tukapumzike."

Mnunuzi, Bulugu, Msukuma mpole, alikuwa anafikicha udongo kiganjani. Tecla akamuuliza naye.

"Kwetu itongo ni walipoishi watu zamani, penye majivu na samadi," alisema. "Maboga hukubali sana. Ndiyo maana nimepapenda."

Jirani, mama Febronia, alikuwa amejongea na fimbo yake. Huyu aliletwa bibi harusi kutoka Burundi Tecla akiwa darasa la tatu, na Tecla ndiye aliyetumwa njiani kumpokea. Alimshika mkono yule mgeni aliyekuwa analia, akamwambia, "Karibu kwetu."

"Kirundi chetu," Febronia alisema, "itongo ni ardhi uliyoachiwa na baba. Ukiwa nalo, una kwenu."

Tecla akaandika yote. Mstari wa Kihangaza, lugha aliyonyonya nayo, ulikuwa mtupu. Miaka mitatu ameuliza ya watu, la kwao akaliweka kiporo akidhani lipo tu. Aliona aibu.

Ukoo wao ulikuwa na sharti moja: mji hauuzwi mafiga yakiwa jikoni. Mtoto wa kwanza huyang'oa mwenyewe, na akishayatoa, hapo si kwake tena. Bulugu alilijua hilo, akasema hatapiga jembe kabla.

Tecla angeweza kukataa, na Danstan angenuna wiki mbili yakaisha. Lakini nani angekuja kuishi hapo? Wanawe wako Mwanza, na magoti yake yamegoma. Kukataa kulitaka nguvu, na nguvu hakuwa nayo. Akapiga goti jikoni, akang'oa figa la kwanza, akang'oa la pili. La tatu, lile lililokuwa upande aliozoea kukaa mama yake, lilimkawiza. Danstan alitaka kumsaidia, akamzuia kwa mkono. Lilipotoka aliliviringisha hadi nje, akanawa, akatia sahihi. Daftari hakulifungua tena.

Mvua ikaanza kudondoka. Kwa mazoea ya miaka yote, Tecla akageuka kuelekea mlango wa baba yake, kisha akasimama. Hakujua aende wapi.

Febronia akamfuata taratibu, akamshika mkono.

"Karibu kwetu, Tecla," alisema.