Wekundu Juu ya Uso wa Mzee Randu

Siku ile Linet alipozikunjua picha zake mezani, mamake, Sidi, aliona jambo akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikoleta yaliyofuata.

Linet ni mtafiti wa ubongo. Wanamwita daktari lakini hatibu mtu. Kazi yake, mwaka wa kumi na moja sasa, ni kuchunguza jicho linavyochagua cha kutazama, na jinsi hofu inavyolivuta. Mashine yake iko Kilifi mjini. Mtu anakaa mbele ya kioo, anaonyeshwa nyuso mbilimbili, na mashine inafuata mboni zake. Mwanzoni alitumia nyuso za Wazungu alizopewa chuoni, lakini watu wa Ganze, kijijini kwao, wakizitazama walipiga miayo tu. Ndipo akaamua kuwapiga picha watu wa kwao.

Wa kwanza kukubali alikuwa Mzee Randu, mjombake Sidi, mchoma mkaa. Alinyoa ndevu akavaa koti.

"Nipige vizuri, mke wangu," alimwambia Linet, kwa ule utani wa babu na mjukuu. "Nikionekana huko ughaibuni nipate mchumba."

"Utapata watatu, babu."

"Na wewe mke mkubwa utawapikia!"

Basi wanakijiji wakazitazama mmoja mmoja, na matokeo yakaja. Pale macho ya watu yalipokawia, mashine hupaka wekundu. Nyuso nyingine zilikuwa na madoa mawili matatu. Picha ya Mzee Randu, yenye mvi na macho yaliyoiva kwa moshi wa tanuri, ilikuwa nyekundu tupu.

Sidi aliitazama. Alijua wazee wenye mvi wanavyosemwa kuwa wachawi huko kwao. Mwaka uliopita tu, kijiji cha pili, bibi mmoja alikatwa mapanga kwa sababu mganga alimtaja. Ulimi ulimwasha aseme. Kisha akawaza: mimi niliishia darasa la saba, huyu kasoma mpaka ng'ambo, atakuwa ameshalifikiria. Akaenda kusonga sima.

Watafiti wana desturi ya kuwarudishia wanakijiji walichokipata. Linet akaitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi, akazitundika picha ubaoni. Mzee Randu alikaa benchi la mbele na koti lake, akicheka. Linet akaeleza kwamba hofu huvuta jicho hata pasipo na cha kuogopa.

Jirani mmoja, Jefwa, akainuka. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amefariki mwezi wa sita, kwa homa na degedege.

"Daktari, hii mashine ilijuaje?"

"Haikujua kitu. Ninyi ndio mliotazama."

"Lakini kila mtu aliingia peke yake. Hatukuambizana."

"Kweli."

"Na sote macho yakamwendea yeye?"

"Watu thelathini na wanane kati ya arobaini," Linet akajibu, kwa ukweli wa msomi.

Hakusikia alichokisema. Sidi alisikia. Aliinuka akaibandua ile picha, lakini kwenye benchi la mbele watu walikuwa wameshaanza kuhama mmoja mmoja, mpaka mzee akabaki peke yake.

Siku ya tatu asubuhi Mzee Randu alifungua mlango akakuta panga jipya limechomekwa kizingitini. Kabla ya saa nne Sidi alikuwa amemtoa, akampeleka kwa Linet, Kilifi.

Linet alilia, kisha akaja na mpango. "Mama, nitaichukua picha ya Jefwa niitie mvi kwa kompyuta, niwaonyeshe ndugu zake. Wekundu utamjaa yeye vilevile. Ataona kwamba ni mvi tu."

Safari hii Sidi hakwenda jikoni. "Utakuwa umetia alama watu wawili. Hiyo mashine yako iache hapa hapa."

"Sasa nifanye nini?"

"Twende tukakae na Jefwa. Uliwahi kumpa pole ya mwanawe?"

Linet akatafuta viatu vyake. Hakuwahi.

Walikwenda bila mashine wala picha, wakakaa mkekani. Baada ya pole, Linet aliuliza mtoto alianza vipi, na Jefwa akaeleza: homa siku mbili, meno kukazana, macho kupinduka. Linet akamwambia taratibu kwamba hiyo inafanana kabisa na malaria iliyopanda ubongoni, na kwamba ubongo ndio kazi yake.

Jefwa akamgeukia. "Mambo haya unayajua, na ulikuja hapa kutuonyesha picha?"

"Nilikosa, baba."

"Mimi mzee sitamgusa. Lakini darasa lilijaa watu. Siwezi kuwasemea wengine."

Akawasindikiza mpaka barabarani.

Linet ameufuta uso wa Mzee Randu katika utafiti, na ameanza kupita nyumba kwa nyumba, Sidi akiwa kando yake. Kaya nane zimewapokea. Moja iliwafungia mlango. Mzee bado yuko Kilifi, miezi saba sasa, anauliza nani anaangalia mbuzi wake.

Kwa hiyo wewe uliye na mtoto msomi, ukiona jambo, liseme. Hata kama atakucheka. Yeye anajua ya vitabuni, na wewe unawajua majirani.