Kinyozi wa Ukingo

Kule ofisini kwa wahandisi wa mito walimpachika jina la Ufagio, na kusema kweli alilitafuta mwenyewe. Kabla hajavua koti, kabla hajamsalimu mtu, alikuwa ameshainama chini ya meza yake akizoa mchanga uliomwagika jana. Na meza yenyewe si ya kulia chakula. Ilikuwa ndefu kama basi, imezungushiwa mbao, imejazwa mchanga, upande mmoja umeinuliwa kidogo, na upande huo pana bomba. Ukifungua bomba, maji yanateremka kwenye mchanga na kujichimbia njia. Mto mdogo huo. Wahandisi wanautazama mdogo ili wajue mkubwa utafanya nini, na kazi ya Ufagio ilikuwa kuutunza: kusawazisha mchanga, kufungua maji, kupiga picha, kusawazisha tena.

Unadhifu ule hakuuokota njiani. Baba yake alikuwa kinyozi, na yeye alikulia kwenye kibanda cha kunyolea, akifagia nywele za watu tangu akiwa mfupi kuliko ufagio wenyewe. Baba alimfundisha kwamba kibanda chenye unywele sakafuni ni cha mtu asiyejiheshimu. Watu walimwita Mzee Wembe, na hata alipostaafu, mikono ikiwa imeanza kutetemeka, hakuacha kunyoa. Ila sasa alinyoa ukingo wa mto.

Nyumba ya mzee ilikaa pale mto unapopiga kona, upande wa nje wa kona. Kila wiki alishuka na panga, akafyeka matete, nyasi na vichaka, mizizi akaing'oa, mpaka ukingo ukang'aa kama kidevu cha bwana harusi. Jirani yake, mama mmoja mshonaji, kwake palikuwa msitu mtupu hadi kwenye maji, na mzee hakuchoka kumtania.

"Jirani, huko kwako nyoka wanalipa kodi?"

"Wanalipa," mshonaji alimjibu, "tena hawanipigii kelele kama wewe."

Lakini mto ulikuwa unakula. Ulianza na nguzo za kamba ya kuanikia nguo, ukaja kwenye mlimau, ukaja kwenye choo. Sasa ulibakiza hatua chache tu kuufikia ukuta wa jiko, na mvua zilikuwa njiani. Kwa Ufagio kulikuwa na chumba kitupu, kitanda kimetandikwa, kinamngoja mzee. Kila Jumapili alikwenda kumbembeleza ahamie, na kila Jumapili alirudi mikono mitupu, njia nzima akiogopa kuwa hiyo ndiyo mara ya mwisho kuiona nyumba ikiwa wima.

"Sihami," mzee alimwambia, ameketi kwenye kiti chake cha kunyolea, kile cha chuma kinachozunguka, ambacho alikisimika sebuleni baada ya kufunga kazi. "Kwanza, kiti hiki kitakaa wapi? Pili, nyinyi si mnataka kuunyoosha mto? Kateni hiyo kona, maji yapite moja kwa moja kule, yaniachie jiko langu."

Na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu mzee hakuwa anaropoka. Baraza la mji lilikuwa limewauliza wahandisi swali hilo hilo: tukichimba mfereji ulionyooka, tukaikata kona, itasaidia? Jibu lilipaswa kutoka kwenye meza ya Ufagio. Likiwa ndiyo, mzee anabaki kwake. Likiwa hapana, labda atasikia. Lisipotoka kabisa kabla ya mvua, mzee ataendelea kungoja pale pale, na mto utamkuta kitandani.

Shida ni kwamba mto wa mezani ulikataa kupinda. Ufagio alichora kona kwa kidole, akafungua bomba, na haukupita muda kona ikawa imekwisha. Maji yalibomoa kingo huku na huku, yakatawanyika, yakawa vijito vingi vyembamba vinavyoachana na kukutana tena katikati ya visiwa vya mchanga, kama nywele zilizofumuliwa nusu. Mito ya namna hiyo ipo, hasa miguuni pa milima, kwenye changarawe nyingi na kingo legelege. Ila mto wa mzee haukuwa hivyo hata kidogo. Ulikuwa mmoja, mnene, unaokwenda kushoto na kulia kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Ufagio alipunguza maji. Akaishusha meza kidogo. Akachanganya tope kwenye mchanga. Wapi. Kila asubuhi alisawazisha, akasafisha, akatoa takataka zilizochomoza, akaanza upya, na kila jioni alirudi nyumbani na visiwa kichwani.

Mhandisi wake, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alikuwa safarini wakati huo wote. Aliporudi alikuja moja kwa moja mezani, akavaa miwani, akainama, akazikagua kingo.

"Mdogo wangu," alisema mwishowe, "miche yangu iko wapi?"

"Miche gani?"

"Nilipanda mbegu kabla sijaondoka. Zile ndogo za majani ya mifugo, kingo zote mbili. Kwani sikukwambia?"

Hakuwa amemwambia. Aliondoka mbio mbio, akili yote iko kwenye mabegi. Na Ufagio aliona vichipukizi vya kijani vikichomoza kwenye mchanga wake, akadhani ni uchafu, akaving'oa kila asubuhi, kimoja kimoja, kwa kibano. Uso ulimwiva kwa aibu. Mhandisi alimtazama, akaitazama ndoo ya taka, kisha akacheka mpaka ikabidi avue miwani.

"Kosa ni langu," alisema akijifuta macho. "Wewe umefanya kazi ya jina lako. Basi tupande tena. Mchanga huu hauna kitu cha kuushika, ndiyo maana unakimbia ovyo. Maji yakikuta ukingo laini kila upande, yanatanuka tu. Yakikuta ukingo unaobisha, hapo ndipo yanapogeuka."

Ufagio aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anauona ukingo wa baba yake, mtupu, uking'aa juani.

Walipanda, wakangoja. Miche ilisimama, mizizi ikaushika mchanga, na Ufagio akajizuia asiiguse, jambo lililomkera kuliko alivyotaka kukiri. Walipofungua maji, safari hii mto ulikaa kwenye njia yake ukaanza kupinda wenyewe. Upande wa nje wa kona maji yalikwenda kasi, yakauchimba ukingo polepole. Upande wa ndani yalipoa, yakautua mchanga yaliouzoa kwingine, ukajaa taratibu hadi pakawa nchi kavu. Huku yanakopa, kule yanarudisha, na kona nzima inasogea bila mto kupoteza umbo lake. Ilikuwa nzuri kuitazama, na Ufagio aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

Halafu wakaikata. Walichimba mfereji ulionyooka, vile vile alivyotaka Mzee Wembe, na mwanzoni ungedhani mzee ameshinda. Kona ilitulia, maji yakapita katikati. Lakini njia ikiwa fupi mteremko unakuwa mkali, na maji yale yenye kasi mpya yakaanza kuchimba chini, yakasomba mchanga, yakaenda kuutupa mwisho wa meza, palipowekwa vipande vya mbao badala ya nyumba za watu wengine. Jioni haijaingia, mfereji wenyewe ulikuwa umeshaanza kuyumba na kutafuta kona nyingine. Mhandisi alisema hapana, na hilo ndilo jibu lililokwenda kwenye baraza.

Ufagio alijua kwamba akimpelekea mzee jibu hilo kwa mdomo, mzee atalirudisha kwa mdomo. Kuhusu ukingo ulionyolewa ndiyo kabisa, angeambiwa amekosa adabu. Basi akairudisha kona mezani, akapanda miche upya, na ilipokomaa akamleta baba yake aone.

Mzee Wembe alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Alisalimiana na Mhandisi kwa heshima zote, akaizunguka meza, mikono mgongoni, akapitisha kidole juu ya mbao kutafuta vumbi. Hakulipata. Aliridhika. Mhandisi alisema ana simu ya kupiga, akawaacha.

"Hapa ni kwako," Ufagio alisema, akaweka kipande cha mbao upande wa nje wa kona. "Na hapa ni kwa jirani yako mshonaji." Akaweka kingine kando yake. Mbele ya vyote viwili miche ilisimama hadi kwenye maji.

Mzee alikunja uso. "Kwangu hapako hivi. Hili ni pori."

"Basi, Baba, patengeneze pafanane na kwako."

Akampa mkasi mdogo. Mikono ya mzee, ambayo siku hizi ilimwaga chai, iliupokea mkasi na kutulia tuli. Aliinama, akakata miche yote iliyokuwa mbele ya nyumba yake, akachokonoa mizizi kwa ncha, akarudia pembeni paliposalia ukungu wa kijani, akapuliza. Hakuwa na haraka. Ufagio alikitazama kisogo kile alichokijua tangu utotoni, akamwonea baba yake huruma. Alitamani amwambie waache, waende zao wakanywe chai. Hakumwambia. Alifungua bomba.

Maji yalishuka, yakaingia kwenye kona, yakaupita ukingo wa mshonaji, yakaufikia ule ulionyolewa. Hapakuwa na kishindo. Mchanga ulilegea, kipande kikamomonyoka na kuingia majini, kikafuata kingine. Pembeni, miche ya mshonaji iliyumba na kubaki pale pale. Ukingo wa mzee ulirudi nyuma, ukarudi tena, mpaka pembe ya ile mbao ikaning'inia hewani.

"Mama yako alipofariki," mzee alisema, macho yake kwenye maji, "watu walikuja wengi. Niliona haya. Nikasema hawataikuta nyumba yake imezungukwa na magugu. Ndiyo siku niliyoanza."

Ufagio aliikumbuka siku hiyo. Matete yalilala chini marundo kwa marundo, baba akifyeka bila kupumzika wala kumtazama mtu, na yeye nyuma yake na reki, akikusanya, akichoma, akipafanya pang'ae, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumfanyia.

"Mimi nilinyoa," mzee alisema.

"Na mimi nilifagia, Baba."

Kipande cha mbao kiliinama. Kabla hakijaanguka, mzee alinyoosha mkono akakidaka, akakifuta maji kwa leso, akakitia mfuko wa shati. Mikono ilikuwa imeanza tena kutetemeka. Ufagio alifunga bomba, matone ya mwisho yakaishia kwenye ndoo.

Mzee alibaki anapatazama pale nyumba ilipokuwa. Kisha akakohoa kidogo, kikohozi chake cha zamani cha kumwita mteja anayefuata.

"Kile kiti changu," alisema. "Kitapita kwenye mlango wako?"

"Kitapita," Ufagio alisema. "Niliupima zamani."