Kliniki ya Kupima Hadithi

Usiku wa jana niliota kijiko kinakoroga kikombe gizani, jikoni kwangu, taratibu, kama mtu anayesubiri mgeni. Hakuna aliyekishika.

"Mama Zawena, utachelewa kliniki," kilisema.

Nikafunga mbeleko, nikatoka. Sikushangaa kwamba mgongoni sikumbeba mwanangu Zawena bali hadithi yangu, ile ninayotakiwa kuisoma leo jioni mbele ya wenzangu wa masomo ya jioni. Ilikuwa nzito, na ilinipumulia shingoni.

Jikoni pakaisha, ikaanza kliniki. Kwenye benchi wamekaa wasanii, kila mmoja na kazi yake mapajani, wanasimuliana jinsi wanavyozilea.

"Wangu unasumbua usiku," anasema Bi Mwanakheri, mwimbaji wa taarabu, akiubembeleza wimbo wake. "Mchana kimya. Nikizima taa tu, ubeti wa pili unalia."

"Ndio wa kwanza?" nauliza.

"Wa kwanza wapi! Ila kila mmoja huja kivyake. Hapa hakuna mzoefu, mdogo wangu."

Pembeni amesimama mshairi. Nilipomtazama usoni nikajiona mwenyewe. Siku zote wanasema msanii ni kioo cha jamii. Huyu alikuwa kioo kweli, kuanzia paji la uso hadi kiunoni. Dada mmoja anajipaka wanja mbele yake.

"Shikamoo," nikasema. "Haichoshi kazi hii?"

"Marahaba. Inachosha. Wote wanajitazama, hakuna anayeniuliza shairi limefika wapi."

"Sogea kulia kidogo," dada wa wanja akamwambia. Akasogea.

Nesi anaita. Wimbo wa Bi Mwanakheri unavishwa ile suruali ya kupimia, unaning'inizwa kwenye mizani.

"Haujaongezeka," inasema mizani.

"Unaulisha nini?" nesi anauliza.

"Kiitikio."

"Na mchana?"

"Kiitikio."

"Na jioni?"

Bi Mwanakheri anatazama sakafu.

"Kiitikio peke yake si chakula, mama. Ongeza hata kisa kidogo."

Ikawa zamu yangu. Naitundika hadithi. Mizani inaguna.

"Huyu amezidi."

Nikafurahi, nikidhani nimesifiwa. Nesi hakufurahi.

"Nyumbani una mtoto mwingine?"

"Ninaye. Zawena. Ana miaka mitatu."

"Anasema?"

"Anaonyesha kwa kidole. Watu wananiambia atasema tu, baba yake naye alichelewa." Nikaona afadhali nieleze vizuri. "Kila siku nikishamlaza ndipo naandika. Nakaa karibu naye kabisa, na maneno yanakuja yenyewe."

"Yanakuja," nesi akasema. "Hukujiuliza yanatoka wapi?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa, halafu nikachanganyikiwa zaidi. Benchi zima limegeuza uso. Hata kioo kinatazama ukutani.

"Watoto wawili, ziwa moja," ikasema mizani. "Huyu kanyonya la mwenzake."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwachishe," nesi akasema. "Chomoa sentensi moja umrudishie dada yake. Ile huyu anayoipenda kuliko zote."

Anayoipenda kuliko zote ni ya mwisho. Nimeihangaikia kiangazi chote hiki. Bila hiyo, mama na mtoto wa kwenye hadithi wanabaki wamejikinga mvua kwenye baraza la mashine ya kusaga, wala hawafiki nyumbani, na mimi nasimama mbele ya darasa na kitu kisicho na mwisho.

"Nyingine haifai?" nauliza. "Zipo nzuri nzuri za katikati."

"Umpe mwanao kiporo?" anauliza Bi Mwanakheri, bila ubaya.

Nikaichomoa. Haikulia. Ilikuwa na joto, na ndogo kuliko nilivyodhani. Nikaifumbata kiganjani, na benchi likawa kitanda changu.

Nikaamka nimefumba ngumi, ndani hamna kitu. Kumekucha. Najaribu kuikumbuka sentensi ya mwisho, ambayo hata jana nilikuwa naisema peke yangu nikiosha vyombo. Haipo. Naanza na neno hili, naanza na lile, wapi. Nje jua limeshapanda, na jirani anamwagia maji uwanja ili vumbi litulie. Tangu kiangazi kianze hatujaona hata wingu.

Zawena ameketi kando yangu, ananitazama kama mtu aliyesubiri muda mrefu. Akashuka kitandani, akanivuta mkono.

"Mama, mvua imekatika, twende."