Zimamoto na Mlima wa Vumbi

Mume wangu wanamwita Zimamoto, na jina hilo amelitolea jasho. Nyuma ya kiwanda chetu cha kupasua mbao kuna lundo la vumbi la msonobari lililopita paa kwa kimo, nasi tunaliita Mlima. Lundo la namna hiyo likipata joto ndani kwa ndani huwaka lenyewe. Kazi yake ni kulimwagilia maji kila siku iendayo kwa Mungu, na tangu aajiriwe halijatoa hata moshi. Anajisifu hivyo mpaka misibani.

Magogo yalipoanza kwisha, tajiri mwenye kiwanda akasema anakifunga. Halafu akaletwa mkemia, binti mpole wa koti jeupe, akatuambia ndani ya vumbi la msonobari mna sukari. Si ya chai. Nilimwuliza mapema nisije nikaaibika. Ni sukari iliyoshikana minyororo mirefu, na watengenezaji wa rangi na losheni wanaitaka ili mafuta na maji visiachane. Tajiri akaahidi kwamba Mlima ukitoa sukari, kiwanda hakifungwi, na msimamizi wa Mlima atakuwa Zimamoto. Mume wangu akawa anatembea meno nje.

Mimi nilipewa sufuria la presha, kwa kuwa nimewapikia wafanyakazi miaka mingi na mvuke siuogopi. Tulianza na vumbi bichi, lililotoka kwenye msumeno asubuhi ile. Tukalichemsha kwa maji matupu, tukachuja, tukayamimina yale maji kwenye spiriti. Palepale yakajikusanya mawingu meupe, yakashuka taratibu hadi chini ya gilasi. Nilipiga kelele za furaha, mtu mzima mimi.

Kisha tukachota vumbi la Mlima. Maji yalitoka na rangi ya chai iliyolala, yananuka kama chini ya kabati. Kwenye spiriti hakikushuka kitu. Tukachota la juu, tukachimbua la katikati, nikakoroga kwa hasira kana kwamba sukari imenifichia uso makusudi. Patupu.

"Basi, mama," mkemia akasema. "Kuvu imeila sukari yote. Lundo lina unyevu mno. Lingekaa kavu tungekuta kitu. Mvua za huku ni nyingi kiasi hicho?"

Nje jua lilikuwa linachoma mabati.

"Nyingi," nikasema.

Yeye akaenda kwa tajiri, mimi nikaenda Mlimani. Mume wangu alikuwa juu ya ngazi, mpira wa maji mkononi, ameloa mpaka kifuani.

"Mke wangu! Tangu muanze kupima nimeongeza maji. Lisije likaungua sasa, riziki tumeshaiona kwa macho!"

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, mtu aliyefanya kazi yake bila kutega hata siku moja.

"Funga maji, baba watoto."

"Nifunge? Likishika moto je?"

"Liache lishike."

Akacheka. Halafu akaniangalia usoni, akashuka. Nikamweleza yote, kuvu na unyevu, maana hakukuwa na namna ya kuyatia utamu maneno yale. Alisikiliza huku akikamua shati lake.

"Lile bichi lilitoa?"

"Lilitoa."

"Nyingi?"

"Nyeupe, baba. Nzuri kabisa."

Akatikisa kichwa polepole, akaenda kufunga bomba.

Kesho yake tajiri alitukusanya uani akasema tulichokuwa tunakijua: magogo yamekwisha, Mlima hauna kitu, msumeno utazimwa Ijumaa. Wenzetu wakaanza kutawanyika, wengine wakilia waziwazi. Nikamtafuta mume wangu, nikamkuta kule kule juu ya ngazi, bomba limefunguliwa. Nilitaka kumfokea. Watu wangemcheka, na mimi nilikuwa nimechoka kuumia.

"Nimeajiriwa mpaka Ijumaa," akasema bila kugeuka.

Mpira ulikuwa umejikunja nyuma yake, maji hayapandi. Nikainama nikaunyoosha.