Kura ya Hospitali

Mie nina ulimi mkali, nakiri. Lakini siku ile balaa niliiita kwa adabu.

Nyumba zetu za hapa Croydon, ughaibuni, ni za wakfu wa zamani. Thamani yake hupangwa na bodi ya kura tano: mbili za wapangaji, mbili za wakfu, na moja ya hospitali ndogo ya mtaa, maana ardhi ilikuwa yake. Hospitali ilifungwa miaka kumi na mbili iliyopita, ila kura haikufutwa. Kiti chake hukaa kitupu.

Thamani ikipanda, kodi inapanda, na mama yangu, Bi Miska, anahama. Alikuwa nesi wa hospitali ileile. Niliapa hatoki nyumbani kwake mie nikiwa hai.

Saa tisa mchana bodi tukapiga kura ya kupandisha thamani. Mie na jirani yangu Alkesh, wajumbe wa wapangaji, tukakataa. Wawili wa wakfu wakakubali.

"Zimelingana," akasema mwenyekiti, Anselm, mmoja wa wale wa wakfu. "Zikilingana huamua mwenyekiti. Kwa hiyo inapita."

"Inapita wapi? Hebu nitokee hapa!"

Mlango ukagongwa taratibu, mara tatu. Nami, mtoto wa Unguja, mdomo ukajibu wenyewe: "Karibu!" Mama alinifunza niulize kwanza "Nani?" Sikuuliza.

Mlango ukafunguka. Hakuna mtu. Kiti kile cha hospitali kikavutwa nyuma, chumba kikanuka dawa ya vidonda. Mezani palikuwa na karatasi iliyokunjwa.

Anselm akaifungua. "Hospitali inakataa kupandisha," akasoma. "Nyumba ibaki ya Nesi Miska. Yeye tunamhitaji zamu ya jioni."

Nilipanda tramu nusu nalia, nusu natukana. Nikampata mama amesimama sebuleni na yunifomu yake ya buluu, ile niliyoitoa sadaka mwenyewe mwaka juzi.

"Umewakaribisha, Mwatima," akasema kwa upole. "Mgeni hafukuzwi."

"Astaghfirullah, mama! Huendi popote!"

Nikarudi mlangoni, nikaufunga kwa ufunguo na komeo, nikauegemea kwa mgongo. Nikafumba macho nisome dua.

Mlango ukagongwa mgongoni mwangu, mara tatu.

Safari hii nikakumbuka. "Nani?" nikapiga ukelele.

"Ni mie, mwanangu," ikajibu sauti ya mama, kutoka nje. "Nakuaga tu."