Bwana Hajulikani

Jumamosi ya pili ya Novemba reli ya Guildford, magharibi mwa Sydney, ilikuwa kwenye matengenezo, na abiria wakaambiwa wapande mabasi badala ya treni. Lydie alikuwa amevaa viatu vya wazi na gauni la mikono mifupi, maana joto lilikuwa limeanza mapema na maua ya jakaranda yalikuwa yametanda njiani mpaka kituoni. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya mapumziko tangu Agosti. Kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wazee katika nyumba moja ya wazee kule Seven Hills. Siku hiyo alitaka kwenda mjini peke yake, akae karibu na maji, ale chakula alichofungasha, arudi.

Dereva wa basi alikuwa Mkenya aitwaye Muema, ambaye wikendi za matengenezo alikuwa akiendesha njia ile. Alimweleza Lydie kwamba leo wamebadilishiwa njia. Barabara ya kwenda Granville imefungwa, kwa hiyo basi litapita Merrylands, litapita Ulaya, katika ule mji wa wanamuziki, ndipo lirudi kwenye njia ya kawaida.

"Ukitaka kushuka huko, shuka tu," alisema. "Ni pazuri. Lakini basi la mwisho la kurudi ni saa kumi na moja, dada. Baada ya hilo hakuna lingine."

Lydie alifikiri kidogo. Maji ya Sydney angeweza kuyaona siku nyingine. Walipopita duka la mazulia la Merrylands basi lilikata kushoto, likavuka daraja la mawe, na yeye akashuka mbele ya sanamu ya mtu aliyeshika karatasi za muziki. Abiria wengine watano walibaki kwenye viti vyao wakitazama simu.

Kulikuwa na baridi. Alitoa kitenge alichokuwa amekibeba kwa ajili ya kukalia majani, akajifunika mabegani, akaanza kutembea.

Mji ulikuwa umetunzwa vizuri. Karibu kila nyumba ilikuwa na kibao kilichoeleza nani aliishi pale, kwa miezi mingapi, na alitunga nini. Vijana waliovaa mawigi meupe waligawa vikaratasi vya tamasha la jioni. Lydie aliingia katika nyumba ya mtunzi aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Ndani ya makabati ya kioo alikuta miwani yake, shungi la nywele zake, kikombe kilichokatika mkono, na barua aliyomwandikia mwenye nyumba kulalamikia moshi wa dohani. Kando ya barua palikuwa na maelezo ya tarehe, siku ya juma, jina la mwenye nyumba na jina la mtu aliyekuja kufagia dohani. Lydie alisoma yote. Aliona ni jambo jema kwamba hata mfagia dohani anajulikana.

Mchana alikula mandazi na yai la kuchemsha kwenye ngazi za kanisa. Ndani mtu alikuwa akifanya mazoezi ya kinanda, na kila mara alikosea mahali palepale. Lydie alimkumbuka baba yake, Akilimali, aliyekuwa mwalimu wa kwaya katika parokia yao kule Uvira. Mtu akikosea, yeye aliinua kidole kimoja tu na wote wakanyamaza. Kidole Lydie alikikumbuka. Sura aliikumbuka pia, kwa sababu ya picha moja iliyobaki. Sauti ilikuwa imempotea. Baba yake alitoka nyumbani asubuhi moja ya Oktoba 1996 kwenda kutafuta chumvi, hakurudi, na hakuna aliyewahi kusema alimwona wapi. Wakati huo Lydie alikuwa na miaka kumi na miwili.

Saa nane, miguu ikiwa imeanza kufa ganzi, aliingia katika makumbusho ya sauti kwa sababu mlango wake ulikuwa unatoa joto. Simu yake ilifungiwa kwenye kisanduku cha wageni. Ghorofa ya pili kulikuwa na ukumbi ulioitwa Sauti za Dunia, wenye vibanda ishirini vya mbao, na kila kibanda kilikuwa na kibonyezo na kigoda. Katika kibanda cha kumi na nne alikuwa amekaa baba yake.

Kibao kilisema: *Wimbo wa kazi, wa jadi. Afrika ya Kati, 1989. Mwimbaji hajulikani.*

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mdogo kwa Lydie kwa miaka minane. Alivaa shati jeupe la kwaya la mikono mifupi. Waya mweusi ulitoka ukutani ukaingia ndani ya kola ya shati lile.

"Usibonyeze, mama," alisema. "Ukibonyeza nitaanza kuimba."

"Sibonyezi, Papa."

"Uko mtu wa Uvira?"

"Ndiyo. Niko Lydie."

Alimtazama kwa muda, akasema anafanana sana na shangazi mkubwa wa kwao. Kisha akaeleza kwamba Lydie wake ana miaka mitano, na tangu jana amelala na homa, ndiyo maana yeye ana haraka. Profesa mmoja kutoka Ulaya alikuja parokiani na mashine, akaomba wimbo mmoja, akaahidi pakiti ya sukari. Yeye akampa ule wa mavuno, alioutunga mwenyewe. Wakarudia mara tatu kwa sababu jogoo alikuwa akiwika. Alipomaliza mara ya tatu akataka kuondoka, lakini mtu akabonyeza, na tangu hapo watu hawajaacha kubonyeza. Dispensari inafungwa saa sita, alisema. Hajui kama atawahi.

Lydie alipiga magoti karibu na kigoda.

"Homa iliisha, Papa," alisema. "Iliisha usiku uleule. Ulikuja na sukari, Mama akanipikia chai."

"Nilifika?"

"Ulifika."

Baba yake alishusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja. Akauliza, "Na mama yako iko namna gani?" Lydie akasema yuko vizuri, ni goti tu, na sasa wanakaa Australia. Akauliza kama ni mbali kupita Bujumbura. Lydie akasema ni mbali kidogo. Akatazama mvi za bintiye, akatazama mikono yake iliyochakaa kwa maji na sabuni, kisha akauliza:

"Na mimi? Sasa niko wapi?"

Lydie alifikiria Oktoba ile, na chumvi.

"Uko hapa, Papa," alisema.

Alikwenda kumtafuta mhudumu. Alikuwa mwanamke mpole aliyefanya kazi katika ukumbi ule kwa miaka kumi na tisa. Alimfahamu vizuri mtu wa kibanda cha kumi na nne. Alimwita Bwana Hajulikani, na kila mchana alimletea glasi ya maji. Alipoambiwa kwamba huyu ndiye binti yake alimpa Lydie mkono, akasema ni furaha kubwa, ni nadra sana jamaa kufika.

Lydie aliuliza kama anaweza kumchukua. Mhudumu alisema vitu vya mkusanyo havitoki. Akauliza kama anaweza kupewa basi nakala ya wimbo, ampelekee mama yake. Hilo liliwezekana, na fomu ilikuwapo, ila ilihitaji sahihi ya mwimbaji. Lydie akamtafsiria baba yake, naye akaomba kalamu. Mhudumu akasikitika. Kwenye rejista mwimbaji hajulikani, alisema, na mtu asiyejulikana hana sahihi. Akileta kitambulisho chenye jina, jina litaandikwa, naye ataweza kutia sahihi siku hiyohiyo. Baba yake alisema kitambulisho kiko kwenye koti, na koti liko nyumbani, mlangoni. Lydie alijua kwamba nyumba ile ilichomwa, na koti humo ndani.

Mhudumu aligeuza ukurasa. Kulikuwa na njia nyingine. Kama mwimbaji amefariki, warithi wanaweza kutia sahihi, mradi walete cheti cha kifo.

"Anasema nini?" baba yake aliuliza.

"Anataka karatasi."

"Karatasi gani?"

"Karatasi tu, Papa."

Hawakuwa na cheti. Mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa hakuandikiwa chochote, si Uvira, si kwenye kambi ya wakimbizi, si popote walipopita. Mhudumu alisema anaelewa, akampa fomu aondoke nayo. Lydie alirudi kibandani, akashika waya, akauvuta taratibu. Ulitoka kiasi cha shubiri moja, baba yake akakohoa, na mhudumu akamwomba kwa upole asiguse.

Saa tisa na nusu lilikuja darasa la wanafunzi, na kila mmoja alitaka kubonyeza. Baba yake alikuwa ameanza kuuliza kama Lydie ana watoto. Aliacha katikati ya neno, akanyoosha mgongo, akaimba. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu na sekunde kumi na moja. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo juu, na Lydie aliitambua palepale, kama mtu anayeshika swichi ya nyumba yake gizani. Ulipokwisha baba yake alifungua mdomo amalize swali, na mtoto wa pili akabonyeza. Lydie alimwambia mwalimu kwamba huyu ni baba yake na walikuwa wanazungumza. Mwalimu akasema pole, akawaambia wanafunzi wasogee ili binti naye apate nafasi ya kusikiliza.

Alisikiliza mara kumi na tisa. Alijitahidi kuushika wimbo, mstari kwa mstari. Saa kumi na dakika arobaini na tano ilibidi aondoke, na baba yake alikuwa kwenye ubeti wa pili. Alimtazama Lydie akirudi nyuma kuelekea mlangoni, akainua kidole kimoja kutoka kwenye goti, lakini hakuweza kunyamaza.

Ndani ya basi Lydie aliuimba kwa sauti ya chini mpaka kwenye daraja la mawe. Walipofika Merrylands alikuwa amebaki na maneno peke yake. Muema alimuuliza kama aliupenda mji. Akasema ni mji mzuri.

Mama yake alikuwa jikoni, akipika sombe ya majani ya muhogo. Alisikiliza habari yote bila kuacha kukoroga. Aliuliza kama anakula, Lydie akasema anapewa maji. Aliuliza amevaa nini, akaambiwa shati la kwaya, akasema shati lile halizuii baridi hata ya Uvira. Lydie akamwambia wikendi nyingine ya matengenezo watakwenda pamoja, basi lina ngazi fupi, goti halitasumbua.

"Siendi," mama yake alisema. "Ule anangoja mwanamke wa miaka ishirini na sita. Nikiingia mimi, atasimama anipe kiti."

Badala yake alifuma sweta, la sufu ya kijani, kwa wiki tatu. Lydie alijaza fomu, akaituma, akajibiwa kwamba imepokelewa na inasubiri viambatisho. Rosta ya Desemba ikampa shifti kila Jumamosi na Jumapili, na msimamizi wake alisema hawezi kubadilisha kitu kabla ya Machi. Kwa hiyo sweta alikabidhiwa Muema, ambaye bado alikuwa akipita kule na alikuwa na nusu saa ya kupumzika.

Alikuja kuwaona wiki iliyofuata, siku moja jioni Lydie alipokuwa ametoka kazini. Alikaa sebuleni, akashika kofia yake, akasema sweta lilifika. Yule mama wa pale alilipokea kwa mikono miwili. Alisema ni kazi nzuri mno kuachwa ichakae, na wameliweka kwenye kabati la kioo, na taa yake. Na kibao kipo.

"Kimeandikwa nini?" Lydie aliuliza.

"Vazi la sufu, Australia," alisema Muema. "Mfumaji hajulikani."

Mama yake akauliza kama kutoka kibandani sweta linaonekana. Muema alisema linaonekana vizuri, ni hatua nne hivi. Akauliza kama waya unafika. Muema akasema haufiki.

"Na ule ukumbi," mama yake aliuliza, "iko baridi?"

Hapana, Muema alisema. Wanaweka nyuzijoto kumi na nane, mchana na usiku, ili vitu visiharibike.

"Hiyo ni vizuri," alisema Mama, akainuka polepole kwa sababu ya goti, akaenda kumletea mgeni chai.